Shahidi wa Tatu wa Ashiki

Siku hiyo njia panda ya mbele ya benki ilikuwa imefungwa upande mmoja, na ungedhani jiji zima lilikuwa limeapa kupita hapohapo. Honi hazikunyamaza. Askari wa trafiki, mama mnene mwenye glavu nyeupe, alikuwa akigombana na madereva kumi kwa mkono mmoja huku wa pili ukirekebisha kofia. Wapita njia walibanana kando ya kamba nyekundu, shingo zote zimeinuliwa, kwa maana juu ya ule mti mkubwa wa barabarani alikuwa ananing'inia mwanamume mwenye ovaroli ya buluu na kofia ngumu ya njano, msumeno mkononi.

Chini yake mzee mwembamba aliyeshika kamba ya usalama alipaza sauti: "Mjomba, shuka! Mti huu umekwisha kuugua, tuukate wote twende zetu!"

"Usiusingizie!" jibu likateremka kutoka juu. "Mti hauumwi huu. Umependwa kupita kiasi! Tazama mmea huu mtambaazi ulivyoukumbatia mpaka mti unakosa pumzi."

Watu wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa dada wa miaka thelathini na moja, gauni la kijani lililopauka mabegani, viatu vya kufunga kwa kamba, na kalamu mbili zilizochomekwa kwenye nywele. Kazini walimwita Bi Kadi, na karibuni utajua kwa nini. Aliinua kamba nyekundu, akapita chini yake kama anayeingia jikoni kwao, akasimama shinani mwa mti. Filimbi ya trafiki ililia. Tawi lenye ukubwa wa paja la mtu likaanguka hatua tatu kutoka aliposimama.

Mwanamume yule aliteremka kwa kamba haraka mpaka viatu vyake vikagota lami.

"Dada, huoni kamba?"

"Naiona."

"Na kamba nyekundu maana yake nini?"

"Maana yake naijua, kaka. Shida yangu ni kwamba sikukusikia vizuri. Umesema mti umefanywa nini?"

Alimtazama, akaitazama na kadi ngumu aliyokwisha kuitoa kwenye mkoba. "Nimesema umependwa kupita kiasi. Wewe ni mwandishi wa habari?"

"Hapana. Natunga kamusi."

"Kamusi bado zinatungwa? Mimi nilidhani zilikwisha zamani."

"Kama miti inavyokwisha kukatwa?"

Yule mzee wa kamba akaangua kicheko. "Mjomba, leo umepata wa kukujibu."

Bi Kadi aliandika sentensi, tarehe na mahali, akauliza kazi yake na umri wake, kisha bila kuinua macho akasema, "Namba ya simu?"

"Kumbe na namba inatakiwa?"

"Kadi yetu ina mstari wa simu ya msemaji. Ni kwa ajili ya uhakiki."

"Basi kadi yenu ina akili sana," akasema mpogoa miti, akaitaja namba polepole, mara mbili, asije akakosea.

Mstari wa mwisho wa kadi uliuliza: Uhusiano wa msemaji na mwandishi. Bi Kadi aliandika "hakuna". Siku hiyo ilikuwa kweli.

Kamusi ilikuwa ikitungwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani lenye ngazi za mbao, katika chumba kirefu chenye makabati ya droo ndogondogo mpaka darini. Mkuu wao, Mzee Herufi, alikuwa na sheria moja aliyoilinda kama mboni ya jicho lake: neno haliingii, wala maana haiingii, mpaka ipate mashahidi watatu. Shahidi ni mtu wa kweli aliyelitamka neno hilo mwenyewe, katika mazungumzo yake, bila kufundishwa. Na asiwe ndugu, wala rafiki, wala mpenzi wa mwandishi. "Ukimwachia mtu amshuhudie mpenzi wake," alikuwa akisema, "kesho utaambiwa kuku ana meno."

Bi Kadi alipewa herufi A, na ndani ya herufi A kulikuwa na neno moja lililomkosesha usingizi: ashiki. Vijana walilijua kwa maana ya tamaa ya mwili tu, na mashahidi wa maana hiyo walijaa droo. Yeye alikuwa na hakika kwamba kuna maana nyingine, pana zaidi na ya zamani zaidi: kushikwa na mtu au jambo mpaka moyo ukakosa nafasi ya kitu kingine chochote. Kwa mwaka mzima alikuwa amepata mashahidi wawili, fundi cherehani mmoja na muuguzi mstaafu. Wa tatu hakuonekana. Asipopatikana kabla herufi A haijapelekwa kwa mchapaji, maana hiyo ingeachwa nje, na Bi Kadi hakuwa mtu wa kuacha kitu nje. Akishika jambo, dada yake husema, hata ukimkata mkono utaukuta umelishika.

Basi alimpigia mpogoa miti kwa ajili ya uhakiki. Uhakiki ulichukua dakika arobaini. Siku ya pili akahakiki tena.

"Mwandishi wangu," mwanamume yule angeanza, "leo nimesema nini cha maana?"

"Bado hujasema, Bwana Tawi. Nasubiri."

"Nimekumiss."

"Hilo lina mashahidi wengi mno. Lete jipya."

Bwana Tawi likawa jina lake. Akawa anakuja kumngoja chini ya ngazi za mbao saa kumi na moja, ameoga, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, lakini vumbi la mbao halikumtoka kamwe masikioni. Bi Kadi alilifuta kwa ncha ya kitambaa chake hadharani bila haya. Wiki ya sita alimpeleka kwa dada yake. Wiki ya nane Bwana Tawi alikuwa juu ya paa la dada huyo anagongelea bati lililolegea, na watoto waliokuwa uani wanamwita baba mdogo bila kuambiwa na mtu.

Jioni moja, mwezi wa tatu wa mapenzi yao, simu ililia Bi Kadi akiwa anamenya viazi.

"Mpenzi, leo nilikuwa nianguke," akasema Bwana Tawi.

"Nini? Umeumia?"

"Sikuumia. Nilipanda mti wa shuleni, nikakaa kwenye tawi nikaanza kuwaza: sijui amekula mchana, sijui lile koti lake amelibeba. Nikaanza kukata. Mjomba wa kamba ndiye aliyenipigia kelele kwamba sijafunga mkanda. Miaka kumi na mbili napanda miti, sijawahi kusahau mkanda! Hii si kupenda tu, mwenzangu. Marehemu bibi yangu angeiita ashiki. Alikuwa akisema, ashiki ikikuingia inapanga vyumba vyote, wewe mwenyewe unalala barazani."

Kisu kilianguka sakafuni. Bi Kadi alichomoa kalamu nywelini.

"Mbona kimya?" akauliza Bwana Tawi.

"Nakusikiliza, roho yangu. Endelea."

Alikuwa akisikiliza kweli, na moyo ulikuwa ukimdunda kweli. Lakini mkono nao ulikuwa unaandika. Alipomaliza ndipo akamweleza alichokuwa hajapata kumweleza mtu wa nje, kwa kuogopa kuwafundisha mashahidi: kwamba neno hilo limetoka Kiarabu, na kwamba wako wanazuoni wa kale waliolihusisha na mmea unaotambaa, unaouzonga mti na kuukumbatia mpaka mti unakauka.

"Wee!" akasema Bwana Tawi. "Kumbe nami nakata ashiki kila siku na kulipwa mshahara? Lakini waambie hao wazee wako, mmea haujui kama unaua. Unatafuta jua tu."

Alimpenda kupita maelezo usiku huo kwa maneno hayo. Asubuhi alikaa mezani na kadi iliyobakiza mstari mmoja. Uhusiano wa msemaji na mwandishi. Akiandika kweli, shahidi anakufa na maana inakufa naye. Alijiambia kwamba bibi wa watu alilisema neno, kwamba Bwana Tawi hakufundishwa, kwamba sheria iliwekwa kwa ajili ya waongo na yeye si mwongo. Akaandika "hakuna", akaitia kadi kwenye droo, akaenda kunawa mikono.

Kikao cha herufi A kilikaa Ijumaa. Joto lilikuwa kali na madirisha yote yalifunguliwa. Nje msumeno ulikuwa ukinguruma; baraza la jiji lilikuwa limetuma watu wapogoe mti wa uani, ambao matawi yake yalianza kuingia ofisini. Bi Kadi hakuwaza lolote. Bwana Tawi alikuwa amemwambia tu kwa simu, "Leo nitakushangaza," na kucheka peke yake.

Mzee Herufi alivaa miwani, akaikunjua shingo, akasoma kadi ya tatu kwa ile sauti yake ya mahakamani. Alisoma habari ya mkanda na ile ya "sijui amekula mchana". Wajumbe saba walicheka mpaka mmoja akatoa leso. Alisoma habari ya kupanga vyumba na kulala barazani, wakapiga meza kwa furaha. "Ushahidi wa dhahabu huu," akasema Mzee. "Msemaji: mpogoa miti, miaka thelathini na minne. Uhusiano na mwandishi: hakuna."

Ndipo Bi Kadi aliposikia kwamba msumeno umenyamaza.

Aligeuza kichwa. Kwenye tawi lililonyooka mpaka karibu na dirisha, usawa wa macho yake, alikuwa amekaa Bwana Tawi. Viatu vyake vya kazi vilikuwa vimepakwa rangi vikang'aa. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa amechomeka ua moja jekundu, na lilikuwa limeanza kunyauka kwa joto. Alianza kushuka.

Bi Kadi alishuka ngazi za mbao mbili mbili na kumkuta uani anavua mkanda.

"Tawi, nisikilize."

"Tawi si jina langu. Mimi ni mpogoa miti, miaka thelathini na minne."

"Nilihitaji shahidi. Nimelitafuta neno hili mwaka mzima, na wewe ukalisema mwenyewe—"

"Kusomwa si kitu," akamkata. "Na kuchekwa si kitu. Mimi nachekesha watu barabarani kila siku, ningecheka nao. Nilidhani tuko wawili kwenye simu, kumbe tuko kikao kizima. Hilo nalo ningelimeza." Alilichomoa ua mfukoni. "Lakini hakuna? Nimepanda paa la dada yako. Watoto wake wananiita baba mdogo. Halafu umeshika kalamu, mkono haukutetemeka, ukaandika hakuna?"

Mzee mwembamba wa kamba alikuwa akikunja kamba yake mara ya tatu, macho chini. Bwana Tawi aliliacha lile ua juu ya kisiki na kuondoka.

Simu zake hazikupokewa. Alipiga mara kumi na moja, akatuma ujumbe, akapiga tena. Jumamosi akampigia dada yake na kumweleza yote, hata ua.

"Yaani ulimkana mtu kwa ajili ya neno?" akauliza dada.

"Nilimkana."

"Na samahani umemwomba?"

"Kwa ujumbe. Hajibu."

"Mwenzangu, mtu kakanwa mbele ya watu saba na wewe unamnong'oneza samahani kwa simu? Aliyemwaga maji hadharani hayadeki chumbani. Acha kulia, utafute miguu yako iko wapi."

Bi Kadi alifuta pua. Kulia hakujawahi kumkaa sana. Jumatatu alfajiri, kabla makarani hawajafika, alisimama mbele ya meza ya Mzee Herufi akiwa na kadi.

"Shikamoo, Mzee. Naiondoa kadi hii. Mstari wa mwisho ni uongo wangu. Msemaji ni mpenzi wangu."

Mzee alivua miwani. "Herufi A inakwenda kwa mchapaji Alhamisi. Ukiiondoa, maana uliyoipigania inatoka. Inabaki ile ya vijana peke yake."

"Najua, Mzee."

"Mwaka mzima, binti. Ulifika mpaka wodini kwa wagonjwa. Sasa kwa nini ulidanganya, na kwa nini unasema?"

"Nilikuwa nimeingiwa na ashiki ya neno lenyewe," akasema Bi Kadi, na machozi yakamtoka bila sauti kuvunjika. "Lilinizonga mpaka nikaacha kumwona aliyelisema. Nikimkosa yeye, hata likichapwa kwa wino wa dhahabu sitaweza kulisoma."

Mzee Herufi aliipasua kadi vipande viwili, kwa kuwa sheria ni sheria, akavitia kapuni. Kisha akafungua droo yake, akamhesabia kadi tupu mbili. "Una mpaka Jumatano jioni," akasema. "Na funga mlango ukitoka, upepo unanipeperushia makaratasi."

Jumatano kamba nyekundu ilikuwa imefungwa tena kwenye njia panda ya benki, kwani ule mti ulikuwa umebakiza upande wa pili. Honi ni zilezile, na trafiki ni yuleyule wa glavu nyeupe. Bi Kadi alikuwa amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, na kalamu zake mbili zipo nywelini. Aliinua kamba, akapita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee wa kamba kwa sauti ndogo. "Ameapa hashuki."

"Asishuke. Nitasema nikiwa hapahapa." Akainua uso, na sauti aliyoitoa hakujua kama anayo. "Mpogoa miti! Wiki iliyopita nilisema mbele ya watu kwamba wewe si kitu kwangu. Nilisema uongo!"

Msumeno ulizimwa. Wapita njia wakaanza kusogea.

"Hukuzongwa na mmea," akaendelea, shingo inauma. "Mmea haujui. Mimi nilijua ninachoandika, nikaandika. Sina cha kujitetea. Nimeipeleka kadi ikapasuliwa. Sasa nimekuja kusema langu, na nataka liandikwe na wewe!"

Jani moja likaanguka. Kisha viatu, magoti, ovaroli, na Bwana Tawi akagota lami. Alikuwa amekonda, ama ni ndevu tu. Bi Kadi alimpa kadi tupu na kalamu moja.

"Mimi sijui kuandika kadi," akasema, bila kumtazama.

"Nitakusomea mistari. Sentensi ya msemaji. Andika: Tangu uondoke nimemenya viazi nikala maganda. Nimepanda ngazi za kazini nikapita ghorofa yangu mpaka darini. Nikifungua droo yoyote, wewe umo."

Aliandika polepole, kadi juu ya paja, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. "Umekula maganda kweli?"

"Nusu."

"Hapa ni lazima kweli tupu."

"Basi andika nusu."

Mdomo wake ukataka kucheka, akauzuia. Aliuliza kazi, akajibiwa. Aliuliza umri, akajibiwa, na wanawake waliokuwa kwenye kamba wakaguna. Alifika mstari wa mwisho na kalamu ikasimama. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mpaka sokoni. Dereva wa lori alibana honi na kutoa kichwa dirishani.

"Afande, mtoe huyo dada barabarani! Ni kiziwi?"

Askari wa trafiki hakugeuka hata kidogo. "Mwache," akasema kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Hiyo ni ashiki. Mwenye ashiki huyo hasikii honi wala haoni lori. Zima injini yako usubiri."

Bi Kadi alisikia. Kila unywele wake ulisikia. Mkono ulipanda wenyewe mpaka kwenye kalamu iliyobaki nywelini, ukafika, ukashuka tena.

Bwana Tawi alikuwa amemwona. "Amelisema," akanong'ona. "Si ndiye unayemtafuta? Nenda kabla hajasahau."

"Sitoki hapa," akasema Bi Kadi, "mpaka ujaze huo mstari."

Bwana Tawi alimtazama, macho yamelowa, vumbi la mbao limejaa masikioni. Kisha akainama na kuandika neno moja, akalirudia kwa macho, akaongeza alama ya kuuliza, na kumgeuzia kadi. Uhusiano wa msemaji na mwandishi: mchumba?

Bi Kadi alichomoa kalamu nywelini. Akaikata ile alama ya kuuliza kwa mistari miwili ili isisomeke tena. Watu wa kwenye kamba walipiga vigelegele bila kujua walichoandikiana, na mzee wa kamba akaketi kwenye tawi lililokatwa akajifuta uso kwa kofia.

"Sasa nipe dakika moja, mchumba wangu," akasema.

"Nakupa mbili. Muulize na umri!"

Alikimbia katikati ya magari, gauni la njano linapepea, akamfikia askari wa trafiki na kumwomba arudie alichosema, neno kwa neno, kama hatajali. Askari alirudia huku anapungia lori lipite. Bi Kadi aliandika sentensi, tarehe, mahali, kazi na simu, akafika mstari wa mwisho. Aliandika "hakuna", na safari hii ilikuwa kweli.